Mtunzi Abuni Maneno, Asihamishe Mkono

Eldoret haijawahi kuwa na mfalme. Mji ulianza kama posta kwenye shamba nambari 64 mwaka 1910, na wazee wake hadi leo huuita Sisibo. Ulikuzwa na ngano, mahindi, maziwa na miguu ya wanariadha, kisha Agosti 2024 ukatunukiwa hadhi ya jiji. Katika miaka yote hiyo hapakuwa na kiti cha enzi wala taji. Hata hivyo, jioni ikiingia katika nyumba za Kapsoya, Langas na Elgon View, runinga hujaa wafalme: Elizabeth wa Uingereza, Suleiman wa Uturuki, Akbar wa India, Shaka wa Wazulu. Raia wa jamhuri wanakesha na fitina za majumba ya watu. Na sehemu ikiisha, hakosi mtu kwenye kochi wa kuuliza: hivi kweli ilikuwa hivyo?

Swali hilo hujibiwa upesi na makundi mawili. La kwanza husema historia ni amana. Anayegeuza tarehe au kumtia mfalme maneno asiyoyasema ameivunja amana hiyo, hata kama watazamaji wamefurahi. La pili husema tamthilia si ushahidi wa mahakamani, na anayetaka historia aende maktaba. Kundi hili la pili lina wakili mkongwe, Aristotle, aliyeuweka ushairi juu ya historia kwa hoja kwamba historia husimulia lililotokea, ilhali ushairi husimulia linaloweza kutokea, na kwa hiyo hugusa mambo ya wanadamu wote.

Wagomvi hawa wamesimama juu ya msingi mmoja. Wote wanadhani ukweli umekwisha kuandikwa na kufungiwa kabatini, na kilichobaki ni kuamua kama mtunzi alazimike kulifungua kabati hilo au aruhusiwe kulipita. Kwa ukoo wa Windsor dhana hiyo huenda ikafaa. Huku kwetu haifai, na ndiyo sababu kupima usahihi dhidi ya burudani hakutufikishi mbali. Kabla ya kuuliza mtunzi amebuni kiasi gani, yafaa kuuliza: huyu anayebuniwa ana uwezo gani wa kujibu?

Tuanze na wenye uwezo. The Crown, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2016, ina sehemu inayotuhusu. Mapema Februari 1952 Elizabeth, akiwa bado binti mfalme, alikuwa Kenya pamoja na mumewe Philip. Usiku wa kuamkia tarehe 6 walikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti karibu na Nyeri, na usiku huohuo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki Sandringham. Watunzi wa tamthilia wamemsimamisha Philip uso kwa uso na tembo mkali. Vilevile, akiwa Nairobi, wamemfanya amtanie mzee mmoja wa Kiafrika kwa ajili ya kofia yake, mkewe akamsahihisha kwamba ile si kofia bali ni taji.

Nyongeza hizi mbili hazina uzito sawa. Tembo amejaza nafasi tu: msitu ulikuwapo, ndovu walikuwapo, na hakuna anayedhulumiwa na ndovu wa kubuni. Taji ni jambo jingine. Watunzi walihitaji mfalme Mwafrika ili mzaha wao ukamilike, basi wakaipa Kenya mfalme. Lakini ugomvi wa Kenya ya 1952 haukuwa wa mataji. Ulikuwa wa mashamba yaliyochukuliwa, wa kipande kilichoning'inizwa shingoni, wa machifu walioajiriwa na serikali kuwasimamia ndugu zao. Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Ukimvika mzee yule taji, mtawala na mtawaliwa wanageuka kuwa wafalme wawili, mmoja wao akiwa amekosa adabu kidogo, na kosa la dola zima linakuwa kosa la ulimi wa mume wa malkia. Hakuna tarehe iliyoguswa, ila lawama imehamishwa.

Linganisha na usemi ambao utalii wa Nyeri umeutumia kwa miongo mingi, kwamba Elizabeth alipanda mti akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia. Kisheria ni kweli. Lakini aliposhuka hakuwa na habari yoyote. Msiba ulimfikia baadaye, akiwa Sagana Lodge. Usemi huo ni tamthilia ya sentensi moja, na hauna ubaya, kwa sababu haumtwishi mtu dhambi isiyo yake wala haumwondolei aliye nayo.

Kutokana na mifano hiyo natoa kanuni: mtunzi abuni maneno, asihamishe mkono. Maneno ya chumbani hayakuandikwa na mtu. Bila kuyabuni hakuna tamthilia. Mkono ni habari ya nani alimtenda nani: nani alitoa amri, nani alifyatua risasi, nani alifaidi, nani alilipa. Tarehe ikisogezwa wiki mbili, ukweli umechubuka. Mkono ukihamishwa, mtu amedhulumiwa.

Lakini hata dhuluma hiyo haiwaumizi watu wote sawa. Novemba 2020 Oliver Dowden, waziri wa utamaduni wa Uingereza, aliitaka Netflix itangaze wazi kwamba The Crown ni kazi ya kubuni. Oktoba 2022 mwigizaji Judi Dench aliliandikia gazeti la The Times akidai hivyohivyo. Huko Uturuki, mwaka 2012, Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, aliikaripia tamthilia ya Sultani Suleiman, akisema sultani aliyemjua yeye alitumia miaka thelathini juu ya farasi, si ikuluni kama tamthilia ilivyoonyesha. Tamthilia hiyohiyo baadaye ilitiwa sauti za Kiswahili na Azam TV. Wafalme hawa wana mawaziri, magazeti, maprofesa na makumbusho. Wakisingiziwa, jibu hutoka siku hiyohiyo.

Sasa mchukue Koitalel arap Samoei, ambaye siku moja atatungiwa tamthilia kubwa, na ningependa itungwe hapa Eldoret. Alikuwa orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, aliyekuwa moyo wa upinzani dhidi ya Waingereza na reli yao kwa takriban mwongo mmoja. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikutana na afisa Richard Meinertzhagen huko Nandi. Wazee wa Kinandi husimulia kwamba alikwenda kuzungumza amani. Aliuawa papo hapo, yeye na wenzake kadhaa. Meinertzhagen alidai kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego na kwamba aliwahi tu. Mabaraza ya uchunguzi yalikaa mara tatu na kumsafisha, lakini mwaka uliofuata akaondolewa Kenya.

Maelezo marefu ya maandishi juu ya mkutano ule ni ya muuaji mwenyewe, katika shajara aliyoichapisha mwaka 1957, nusu karne baada ya tukio. Na huyu shahidi ni nani? Ni mtu ambaye wataalamu wa ndege wamethibitisha kwamba aliiba ndege waliokaushwa wa makumbusho na kuwabandika tarehe na mahali pa uongo. Ni mtu ambaye Brian Garfield, katika kitabu cha mwaka 2007, alionyesha jinsi alivyojitungia sehemu kubwa ya ushujaa wake. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini huyu hata ngoma yenyewe aliichonga.

Hapo ndipo ugomvi wa yale makundi mawili unapokosa maana. Mtunzi akiifuata shajara neno kwa neno, atakuwa mwaminifu kwa maandishi na mwongo kwa Koitalel. Wala Nandi si peke yake. Mwaka 1832 mfanyabiashara Nathaniel Isaacs alimwandikia mwenzake Henry Francis Fynn akimshauri awaeleze wafalme wa Wazulu kuwa wamwaga damu kadiri awezavyo, ili kitabu kinenepe na kuvutia. Kumbukumbu za wageni wa aina hiyo ndizo zilizokuja kuwa chanzo cha habari za Shaka, na katika tamthilia ya Shaka Zulu ya mwaka 1986 Fynn mwenyewe ni mhusika ambaye kwa macho yake tunamtazama mfalme. Burudani haikusubiri runinga. Iliingia kwenye nyaraka mapema, ikakaa humo mpaka ikaitwa historia.

Je, tuyakumbatie basi masimulizi ya wazee na kuyaacha maandishi? Nayo yana utamu wake. Kimnyole arap Turukat, baba yake Koitalel, anasifiwa kwa kutabiri nyoka wa chuma atakayetema moshi akipita katika nchi. Utabiri huohuo Wakikuyu wanampa Mugo wa Kibiru, na Wakamba wanampa Syokimau. Huenda wote watatu walioteshwa ndoto moja. Yaelekea zaidi kwamba reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kila jamii ilimkumbuka mwenye hekima wake kama aliyeijua kabla. Jambo hilo lisidharauliwe: jamii iliyozidiwa kwa bunduki ilijitwalia angalau neno la kwanza. Lakini ni utunzi, na mtunzi wa leo anayeupokea ajue kwamba amepokea kazi ya mtunzi mwenzake.

Kishawishi kikubwa kwa atakayemtungia Koitalel kitakuwa kumpa kiti cha enzi, maana soko limezoea majumba ya kifalme. Orkoiyot hakuwa mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee katika kokwet, na ya vita katika mabaraza ya pororiet. Yeye alishauri, alibariki, alionya, na neno lake likaogopwa. Tena alikuwa na deni kwa watu wake. Karibu mwaka 1890 Wanandi walimuua Kimnyole kwa marungu, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Mtoto wake alirithi mamlaka yaleyale yaliyomuua baba. Fikiria kijana anayepokea wadhifa huo akijua vizuri rungu liko kwa nani. Hakuna fitina ya ikulu inayomfikia. Baada yake kuna mwanawe, Barsirian arap Manyei, aliyeshikwa na wakoloni mwaka 1923 na kuachiliwa mwaka 1964, Kenya ikiwa tayari huru. Mtunzi angebuni kifungo cha miaka arobaini, mhariri angemwambia apunguze chumvi. Katika habari hii usahihi haushindani na burudani, ndio unaoizaa.

Hapo atainuka mtu na kuuliza: je, jamii iliyonyimwa sauti muda wote huo haina haki ya kujisifu kidogo, ikampaka shujaa wake rangi zote nzuri? Inayo haki ya kusifu. Lakini Koitalel akifanywa mfalme asiye na doa, aliyeamua yote peke yake, mkono umehamishwa tena. Wazee wa kokwet wanatoweka. Vijana waliopigana misimu mingi wanageuka kuwa watumishi wake. Ukoo wake wa Talai, ambao baadhi ya watu wake walihamishiwa Gwassi kwa nguvu ya sheria ya 1934, unabaki kivuli cha mtu mmoja. Sifa nayo huweza kupora.

Limebaki swali la mtazamaji: atajuaje kipi kimebuniwa? Hapa Kenya tunaye mwalimu tusiyemhesabu. DJ Afro huchukua filamu ya kigeni, akaifunika kwa sauti yake ya Kiswahili na Sheng, akawabadilisha waigizaji majina na kuwatia vichekesho vya mtaani. Hakuna anayetoka kwenye kibanda cha video akiamini kwamba mwigizaji wa Hong Kong alisema vile. Mshono unaonekana, na kwa kuwa unaonekana, uongo haupo. Pana mchezo ambao pande zote mbili zimeukubali. The Crown ilifanya kinyume. Ilitumia fedha nyingi kuhakikisha vazi, gari na pazia vinafanana na vya kweli, kisha ikatumia uaminifu wa pazia kutuuzia mazungumzo. Tangazo la mwanzoni kwamba kazi ni ya kubuni halitoshi. Hudumu sekunde chache, na pazia hudumu saa kadhaa.

Ebrahim Hussein alilishika jambo hili mapema. Alipochapisha tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, aliwaeleza wasomaji katika utangulizi kwamba mhusika wake ni zao la fikra, si Kinjeketile Ngwale wa historia, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, miezi isiyotimia mitatu kabla ya Koitalel kuuawa. Kisha akabuni kwa uhuru: akampa nabii wake shaka ya ndani ambayo hakuna afisa Mjerumani angeweza kuiandika. Lakini kitanzi hakukitoa mikononi mwa Mjerumani. Maneno aliyabuni, mkono akauacha ulipokuwa.

Tamthilia ya Koitalel ingeweza kupita njia hiyo na kwenda mbele zaidi. Mkutano wa Oktoba 1905 uonyeshwe mara mbili, kama shajara inavyodai na kama Nandi inavyosimulia, na kati yake aonekane mzee Meinertzhagen akiwa Uingereza, akipanga upya sentensi zake kwa ajili ya wachapishaji. Mtazamaji asiambiwe nani wa kumwamini. Aonyeshwe nani alikuwa na kalamu. Mwaka 2006 fimbo za Koitalel zilirudishwa Kenya kutoka kwa familia ya aliyemuua, karne moja baada ya kuchukuliwa. Fimbo ikikaa karne nzima njiani, jibu la marehemu haliwezi kuachwa lije lenyewe; mtunzi ndiye wa kulitengea nafasi ndani ya kazi yake.

Deni la ukweli, basi, halilingani kwa kila mfalme. Mwenye kabati lililojaa nyaraka anatudai kidogo, kwa kuwa ana uwezo wa kujilipa mwenyewe, na tukimwongezea tembo hatafilisika. Ambaye habari zake ziliandikwa na aliyemuua anatudai kila tulicho nacho: utafiti, masikio kwa wazee, na ujasiri wa kumwonyesha mtazamaji mahali elimu yetu inapokoma. Mtunzi akishalipa hayo, na abuni atakavyo, achekeshe, alize, atukeshe hadi usiku wa manane. Asipolipa, burudani yake itakuwa ni kuendelea kuandika shajara ileile kwa kamera.