Petroli ya Mwokoaji

Kitale hakuna bandari, na Bungoma pia hakuna. Ukitaka kuona boti huku kwetu, fuata Mto Nzoia: shuka nao kutoka Cherangani, pita maporomoko ya Nabuyole pale Webuye, endelea hadi Budalang'i unakoingia Ziwa Victoria. Omena tunayonunua soko la Bungoma hupanda kutoka huko kwa matatu, na pamoja nayo huja habari za ziwani. Nyingi si za misiba. Ni injini iliyokataa kuwaka, propela iliyojifunga kwenye nyavu, magugumaji yaliyoziba njia ya kurudi, kijana wa kukumba maji aliyesinzia kazini.

Niliwahi kuwa ndani ya boti ya namna hiyo, karibu na Port Victoria. Injini ilizima, upepo ukaanza kutusukuma mbali. Wavuvi wawili waliacha nyavu zao, wakatufunga kamba, wakatuvuta mpaka ufuoni. Mwenye boti akatoa noti ya mia tano. Yule mzee wa wavuvi akaipokea, halafu akatugeukia sisi abiria tuliokuwa tunapapasa mifuko.

"Hii ni ya boti, mwalimu. Watu hatuuzi."

Nilipenda sana neno lile. Baadaye niligundua kwamba sheria ya bahari inasema karibu hivyo hivyo. Mkataba wa kimataifa wa uokoaji wa mwaka 1989 unamtaka nahodha amsaidie yeyote aliye hatarini kupotea baharini, mradi asihatarishe vibaya chombo chake na waliomo. Aliyeokoa chombo au mizigo anaweza kudai malipo. Aliyeokolewa uhai hadaiwi kitu, ingawa mwokoa watu anaweza kupata fungu katika malipo ya aliyeokoa chombo.

Kwa hiyo injini ina bei, mimi sina. Heshima kubwa hiyo! Lakini yule mzee aliondoka na mia tano kwa petroli, muda, na nyavu alizoziacha zielee. Kama tungekuwa tunaelea bila boti, angeondoka mikono mitupu. Tunasema uhai hauna bei, halafu gharama ya kuuokoa tunamwachia maskini aliyekuwa karibu.

Bungoma jambo hili liko barabarani kila wiki. Mtu amegongwa usiku, watu wamejaa, mwenye pikipiki anaambiwa ampeleke hospitali. "Sasa mafuta nani atalipa?" anauliza, na umati unamwita mnyama. Mimi simwiti hivyo. Kosa ni kumuuliza majeruhi; akiuliza sisi tuliosimama pale na simu zetu, ana haki, maana kila mmoja wetu angetaka abebwe siku yake ikifika. Deni ni letu, si la anayevuja damu. Tukimdai yeye, asiye na kitu ataachwa azame.

Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43. Walikufa 19. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, na kijana Majaliwa Jackson akaumia hadi akapelekwa hospitali. Serikali ya Tanzania ilimpa shilingi milioni moja, na ajira katika jeshi la zimamoto. Vizuri. Ila hiyo ilikuwa ndege, na dunia nzima ilikuwa inatazama. Anayevuta mtumbwi wa jirani Jumanne jioni hapigiwi simu na rais.

Ningependa vikundi vya kusimamia fuo, BMU kama wavuvi wanavyoviita, vitenge sehemu ya ada vinazokusanya iwe ya petroli ya uokoaji. Si tuzo, petroli tu. Na stendi za boda zifanye vivyo hivyo.

Rafiki yangu wa boda huko Kitale alicheka. "Na yule atakayesema ameokoa mtu, na hakuna aliyeanguka?"

Ufuoni watu wanajuana mpaka majina ya nyanya zao. Mwongo hafiki mbali. Stendi ya Kitale ni hadithi nyingine, hilo nilimkubalia.