Kuutua Mzigo Kabla ya Noeli

Siku za Majilio zikikaribia, watu wa vijiji vyetu, toka Bagamoyo hata Zinga na Mapinga, huanza matengenezo. Nyumba hupakwa chokaa, ua hufagiwa, fundi wa cherehani hukosa usingizi, na mchele hununuliwa mapema usije ukapanda bei. Mambo hayo si mabaya, kwani mgeni mwema hupokewa katika nyumba safi. Lakini Mgeni huyu ajaye hakuja kukaa katika chokaa, bali mioyoni mwetu. Je, moyo nao hutengenezwaje?

Jina la mji wetu laweza kutufundisha. Watu wengi husema kwamba Bagamoyo ni "bwaga moyo", nao huleta maana mbili. Ya kwanza ni ya wapagazi, waliotoka Tabora na Ujiji wakichukua pembe za ndovu, kila mtu na mzigo wake wa karibu frasila mbili. Walipofika pwani waliutua, wakastarehe. Ya pili ni ya watumwa, walioiona bahari wakakata tamaa ya kurudi kwao, wakaiacha mioyo yao ufuoni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakawakomboa baadhi yao na kuwajengea kijiji. Juu ya watu wale mimi sina la kuhubiri. Aliyefungwa mnyororo haambiwi na mwingine kwamba mzigo wake ulikuwa mwepesi. Lakini wengi wetu twachukua mizigo ambayo hakuna aliyetufunga nayo.

Mimi mwenyewe nalikuwa na mzigo wa namna hiyo. Ndugu yangu mmoja alikwea minazi mitatu iliyo mpakani, akaangua nazi zote, nami nikasema, "Ameniibia." Noeli ikaja. Nikaimba kanisani kwa sauti kuu, nami nimevaa kanzu mpya; na Misa ilipokwisha nikatokea mlango wa ubavuni ili nisikutane naye. Pilau ya siku ile haikuwa na ladha.

Naliwaza hivi: mwenye kosa ni yeye, basi na aje yeye. Nikimwendea mimi, si nitakuwa nimekiri kwamba minazi ni yake? Naamini kwamba neno hili ndilo linalowazuia Wakristo wengi. Twadhani kusamehe ni kusema uongo, kana kwamba hapana lililotendeka.

Lakini wafikirieni tena wale wapagazi. Mpagazi alipotua mzigo wake, mzigo haukutupwa baharini. Uliwekwa chini, ukafunguliwa, ukapimwa mbele ya mashahidi. Ulipokuwa begani haukuweza kupimwa. Ndivyo yalivyo madai yetu. Mtu mwenye hasira ahesabu peke yake, na hesabu yake huzidi kila siku. Akiitua hasira, haki haipotei. Ndipo inapoweza kupimwa. Na Bwana wetu hakutufundisha kumngoja ndugu yetu mlangoni, bali kuiacha sadaka yetu na kumwendea kwanza.

Mwaka uliofuata, katika juma la pili la Majilio, nalikwenda kwake jioni. Hakunikaribisha upesi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, sikuja kudai nazi. Nimekuja kwa sababu nimechoka kukukimbia." Akanyamaza kitambo, kisha akamwita mtoto alete mkeka. Baada ya siku chache tuliwaita wazee, wakautazama mpaka. Wakaona mnazi mmoja ni wangu; miwili ni yake, nayo ilipandwa na baba yake. Mwaka mzima nalikuwa nimemwita mwizi kwa sababu ya mali yake mwenyewe!

Basi, yatupasa kufanya nini? Majilio yana Jumapili nne. Tusiungoje mkesha, wakati watu wamejipanga kumngojea padre wa maungamo, na jirani amekwisha kulala. Tuanze mapema: kila mtu aulize moyo wake ni nani anayemkwepa njiani, kisha amwendee kungali mchana. Asipopokewa, asifanye kiburi kwa kuwa alikwenda. Na arudi siku nyingine. Mwenye deni alipe analoweza, hata kama kanzu mpya itakosekana.

Wapagazi wale walitembea majuma mengi ili wapate kuutua mzigo. Sisi, nyumba ya ndugu yetu i ng'ambo ya shamba tu. Mungu atujalie kwenda.