Lita 11

Kwa siku tisa niliamini kwamba mtu fulani ni mwizi, na hesabu niliyotumia ilikuwa sahihi.

Baba yangu mdogo ana Hilux kuukuu ya mwaka 1984, ya kabureta, inayobeba mchele wa watu kutoka Usevya kwenda Mpanda. Inapita Kibaoni, inakatiza Hifadhi ya Katavi, inatokea Sitalike. Nilipokuja likizo mwezi Agosti, nikiwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa uzamili wa falsafa, alinipa daftari la mafuta. "Wewe ndiye msomi, hebu niangalizie." Nikaangalia. Zamani safari ya kwenda na kurudi ilikula lita 25. Tangu Juni ilikula 36. Barabara ileile, mzigo uleule, dereva yuleyule. Nikamwambia kuna lita 11 zinapotea kila safari. Neno wizi sikulitamka, wala sikuhitaji kulitamka. Mahali ambapo petroli inauzwa kwa chupa kando ya barabara, kila mtu anajua lita zinazopotea huishia wapi.

Dereva alisimamishwa siku hiyohiyo, baada ya miaka sita kwenye usukani ule. Aliniambia bila hasira: "Mdogo wangu, gari hili linanuka petroli tangu mavuno. Mzee nilishamwambia. Likishapata moto, ukilizima haliwaki mpaka lipumzike." Nilimsikia kama mtu anayejitetea. Maneno hayohayo yangetoka kinywani mwa fundi, ningeyaita dalili.

Safari iliyofuata baba mdogo aliendesha mwenyewe. Alijaza lita 25, gari likamzimikia ndani ya hifadhi wakati wa kurudi, mahali ambapo hushuki ukaanza kutembea ovyo. Alifunga vioo kwa ajili ya mbung'o, akakaa kwenye joto mpaka lori likampitia. Ungedhani hapo dereva alisafishika. Wapi! Baba mdogo alifika nyumbani akisema yule kijana ameliharibu gari kwa kisasi. Nami, nasema kwa aibu, niliona inawezekana.

Fundi alitoka Majimoto. Alimtaka mtu alipige gari resi, akatazama bomba la moshi: moshi mweusi. Akasema ungekuwa wa bluu angetafuta oili, lakini huu ni petroli isiyopata hewa ya kutosha kuungua. Injini ya petroli inataka hewa mara 14.7 ya uzito wa mafuta, au karibu na hapo. Hii ilikuwa inalishwa kupita kiasi. Nilitegemea afungue kabureta moja kwa moja. Hakuifungua. Alitoa filta ya hewa, akaikung'uta, akaiinua juani. Ilikuwa chafu, lakini mwanga ulipita. Mimi ningeishia hapo, kwa sababu vumbi letu la Agosti linatosha kulaumiwa kwa lolote. Yeye akaiweka kando, akaangalia choki kama imekwama. Haikukwama. Akafungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia. Zote zilikuwa na masizi makavu, meusi tii. Ingekuwa moja, alisema, ningehangaika na silinda moja. Nne zikifanana, ubaya unatoka wanakokunywa wote.

Ndipo akafungua kabureta, akatoa floti, kile kiboya cha shaba, akaitikisa sikioni mwangu. Ndani kulikuwa na petroli. Aliizamisha kwenye maji ya moto, vipovu vikatoka kwenye ufa ambao singeuona kwa macho. Floti iliyojaa mafuta haielei, kwa hiyo haisukumi sindano kuziba njia, na petroli inaendelea kuingia. Aliimwaga, akaikausha juani kwa muda mrefu, kisha akaiziba kwa lehemu. Safari iliyofuata gari lilikula lita 26.

Muhula ule nilikuwa nimesoma insha ya W. K. Clifford ya mwaka 1877, kuhusu mwenye meli anayejishawishi kwamba chombo chake chakavu ni kizima, kisha anapakia watu. Clifford anasema ana hatia hata kama meli ingefika salama, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Darasani niliona anazidisha. Kwani ni nani anayepima kila imani yake kabla ya kuitumia? Bado nadhani hatuwezi. Lakini fundi hakupima kila kitu pia. Alipima yale manne au matano ambayo yangeweza kumkanusha. Mimi sikupima hata moja. Nilikuwa na tofauti ya lita 11, na mtu maskini aliyekuwa karibu nayo.

Nilimfuata dereva shambani kwa mkewe, ng'ambo ya mfereji, nikamweleza habari ya floti. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameegemea jembe.

"Na kama mngeikuta nzima?"

Nilisema pole, kaka, nisamehe. Akasema amesamehe, lakini hilo silo alilouliza.

Alirudi kazini Jumatatu kwa sharti moja, kwamba asikabidhiwe tena hela ya mafuta. Baba mdogo anajaza mwenyewe, asubuhi, mbele ya wapakiaji, na dereva anasimama upande wa pili wa gari hadi kifuniko kifungwe.