Tope Halina Risiti

Mto ukivunja kingo zake, kwenye vyumba vya habari neno liko tayari: maafa. Niko kwenye kazi hii ya uandishi miaka kadhaa sasa na sijawahi kuona kichwa cha habari kinachosema mto umeleta udongo. Inaeleweka. Mtu ambaye nyumba yake imebomoka hana muda wa falsafa. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mto nao una hesabu yake, na ndani ya hesabu hiyo kuna swali ambalo naona tunalikwepa: mtu anaweza kudhulumiwa kitu ambacho hakuwahi kukimiliki?

Chukua Rufiji. Mto huu unakusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, yakiwemo ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Maji hayo hayaji mikono mitupu. Yanabeba mchanga na udongo uliomomonyoka huko juu, na kinachoyawezesha kubeba ni kasi. Yakishapanda juu ya kingo hutawanyika bondeni, kina kinapungua, majani yanayakwamisha, kasi inaisha. Hapo ndipo mzigo unapotuliwa. Mchanga mzito huanguka kwanza, karibu na mto, na miaka ikipita hujenga matuta marefu kandokando yake. Udongo laini huendelea na safari hadi sehemu za chini, na hutulia taratibu pale maji yanaposimama. Maji yakiondoka, linabaki tabaka jembamba la tope, lenye rutuba na unyevu.

Warufiji wanaujua mchezo huo kuliko mtaalamu yeyote. Maji yakishuka wanapanda mahindi na kunde kwenye tope lilelile. Kilimo hicho wanakiita mlau. Shambani wanajenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili mtu alinde mazao yake hata mto ukija kupita chini ya sakafu. Anayejenga dungu hajashindwa na mto. Wamekubaliana: wewe chukua msimu huu, mimi nitachukua unaofuata.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa huko miinukoni. Nia ilikuwa usalama, shule, zahanati. Nani atapinga zahanati? Ila udongo mzuri haukuhama nao. Ulibaki bondeni, na wakulima wakawa wanateremka kuufuata.

Halafu likaja Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Mimi ninayeandika haya kwa umeme sina ubavu wa kulibeza. Lakini kanuni ni ileile: maji yakiingia ziwani kasi inakufa, na sehemu kubwa ya mzigo inatuliwa humo. Kilichobadilika ni mpokeaji.

Sasa utaniambia, ndugu msomaji, kwamba tope halikuwa mali ya mtu. Lilikuja lenyewe, bila hati, bila risiti. Kweli. Hata hewa haina risiti, lakini akitokea mtu akaliziba dirisha lako utajua umekosewa. Na mimi sikubali kwamba tope lile lilikuwa la bure. Watu wa bondeni walililipia kwa mazao yaliyosombwa, kwa nyumba walizojenga upya, kwa usiku wa kukesha juu ya dungu wakisikiliza maji. Hasara na faida zilikuwa za mtu mmoja, na ndiyo maana mapatano yale yalikuwa ya haki, hata kama yalikuwa magumu.

Aprili 2024 maji yaliingia Rufiji na Kibiti, yakafukuza watu na kuharibu mashamba. Wapo waliolilaumu bwawa. Serikali ikasema chanzo ni mvua. Mimi nauliza jambo jingine. Bwawa halijafuta mafuriko, lakini linabakiza nyuma yake kile kilichokuwa kinafanya mafuriko yavumilike. Umeme unasambaa nchi nzima, tope linabaki ziwani, na hatari inabaki palepale ilipokuwa. Mapatano yamevunjwa nusu, na mtu wa bondeni ameachiwa nusu yenye hasara.

Misri walishapita hapa. Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika 1970, liliwapa umeme na akiba ya maji iliyowaokoa kwenye ukame wa miaka ya 1980. Lakini tope la Nile lilinaswa nyuma ya ukuta, pwani ya delta ikaanza kuliwa na bahari, na mbolea ya viwandani ikashika nafasi ya kile mto ulichokuwa ukileta. Kitu cha bure hakionekani kwenye mahesabu mpaka kitoweke. Siku hiyo kinapata bei, na bili anapelekewa mkulima.

Sisemi tubomoe ukuta. Ninachosema ni kwamba utaratibu wetu wa fidia unahesabu nyumba, minazi na makaburi, vitu vinavyokaa mahali pamoja mpaka afisa afike na daftari. Kitu kinachokuja na kuondoka hauna jina la kukiitia. Mkulima wa mlau akifika ofisini ataulizwa hati. Atajibu nini? Kwamba mali yake ilikuwa inakuja na maji kila masika, na kwamba maji bado yanakuja?