Kuuliza Dalili si Utovu wa Adabu



Tumeulizwa na zaidi ya mmoja: sheikh akisha sema, mtu wa sokoni ana haki gani ya kumtaka dalili? Tunajibu kuwa anayo, na haki hiyo hakupewa na sisi. Mwenyezi Mungu, katika Surat Bani Israil, aya ya 36, amemkataza mtu kuyafuata asiyo na ujuzi nayo, na akabainisha kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Hayo ni masikio yako, si ya sheikh wako.

Natutazame yaliyomfika Imamu Ahmad bin Hanbal. Mwaka 218 wa Hijra (833), Khalifa Maamun aliamrisha makadhi na wanavyuoni wa Baghdad wapimwe, kila mmoja akiri kuwa Qurani imeumbwa. Wengi walikiri kwa khofu. Imamu alikataa, akatiwa minyororo, na katika zama za Khalifa Muutasim akapigwa mijeledi. Kila walipomshurutisha, jawabu lake lilikuwa kutaka aletewe kitu katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu au Sunna ya Mtume Wake (S.A.W.). Hawakuwa nacho, walikuwa na mijeledi. Na la ajabu ni kwamba waliomtesa ndio waliokuwa wakijifakhiri kwa akili!

Imamu huyo huyo imepokewa kuwa aliwakataza wanafunzi wake wasimfuate kwa upofu, yeye wala Malik wala Shafii, bali wachukue pale walipochukua wao. Leo wako wamtajao kwa taadhima, nawe ukiwataka dalili hukunja uso.

Walakini hatusemi kila mtu ajifanye mufti. Asiyejua Kiarabu, wala nasikh na mansukh, hawezi kutoa hukumu kwa tafsiri aliyoinunua jana. Kuuliza ni jambo moja, na kuhukumu ni jambo jingine.

Basi uchaguzi ukikaribia hapa pwani, huenda ukasikia barazani kuwa kumpigia kura fulani ni wajibu wa dini. Mwulize msemaji, kwa adabu: ni aya gani? Ni hadithi gani? Ikiwa hana, hiyo ni rai yake, na rai yake ni kura moja kama yako. Na mgombea mwenyewe naye aulizwe: hati za mashamba ziko wapi, maji ya mfereji yatafika lini, na ahadi za mara iliyopita zilikwendaje?