Nyama Iliyoletwa Usiku



Katika Mwanzo 25 twasoma ya kuwa Isaka alimpenda Esau kwa sababu ya kula mawindo yake. Ni maneno machache, nasi huyapita upesi ili tufike kwenye habari ya dengu. Lakini mwezi huu yametuzuia, kwa kuwa yatuhusu sisi wenyewe.

Kusini mwa Muleba, upande wa Ziwa Burigi, yuko mwinjilisti ambaye umri wake wapita wetu. Usiku mmoja alitujia na kapu lililofunikwa kwa majani ya mgomba, na ndani yake nyama. Tuliipokea kwa mikono miwili, ikapikwa pamoja na ndizi, tukala na watoto wetu, tena tukamshukuru Mungu kwa sala ndefu kuliko desturi yetu. Hatukuuliza imetoka wapi. Tulijua, tukajifanya hatujui.

Baada ya majuma mawili akarudi mikono mitupu, akasema, “Baba Mchungaji, mnyama yule haniachi.”

Akatusimulia. Alikuwa ameingia katika mafunjo alfajiri, na mbwa wake na mkuki, kumtafuta nzohe. Mnyama huyu ni ndugu yake kulungu, lakini kwato zake ni ndefu zenye kupanuka, hata aweza kutembea topeni asizame. Naye akifukuzwa hujitosa majini, akiacha pua tu juu. Kwanza mwinjilisti alikutana na kiboko akirudi ziwani. Akajibanza nyuma ya mti, akamwomba Mungu amponye, naye akaponywa. Jua lilikuwa halijapanda sana alipoona katikati ya mafunjo matundu mawili ya pua, na macho. Mnyama hakutikisika. Wakatazamana kitambo, kisha akampiga. Hata alipomvuta nchi kavu, akaona ni jike, na kiwele kimejaa maziwa. Mbele kidogo, juu ya mafunjo yaliyokanyagwa, alilala mtoto wake. Kesho yake alirudi kumtafuta, asimwone.

Ndiyo nyama tuliyokula.

Sheria ya nchi twaijua: kuwinda bila kibali ni kosa, na Burigi-Chato ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019. Lakini mzee huyu hakuja kwa kuwaogopa askari. Kumbukumbu la Torati 22 yakataza kumtwaa ndege pamoja na makinda yake. Walawi 17 yamwamuru mwindaji aimwage damu na kuifunika kwa mavumbi. Yaani hata huko porini, asipoonwa na mtu, mwindaji yu chini ya neno la Mungu. Wengine watasema hiyo ni torati ya Wayahudi. Nasi tulijiambia hivyo, wala hatukupata raha.

Tena Isaka, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alimwuliza mwanawe amepataje mawindo upesi namna ile. Kipofu aliuliza. Sisi tuonao, tena tulioaminiwa kundi, tulinawa mikono tukala.

Mwinjilisti aliomba azuiliwe Meza ya Bwana kwa muda. Tukawaita wazee wa usharika, tukawaeleza habari zake na zetu pia. Jumapili iliyofuata mchungaji wa usharika wa jirani alihudumu madhabahuni, nasi tuliketi pamoja na mzee yule katika benchi la nyuma.