Gari Lilifeli Breki

Katika Kiswahili cha habari za ajali, mtendaji ni gari. "Gari lilifeli breki." Ni sentensi ya maneno matatu isiyo na mtu ndani yake. Hayumo dereva wala mwenye gari, hayumo fundi wala aliyepakia mzigo. Gari liliingia kwenye mtihani, likafeli. Baada ya hapo mtu mwingine huongeza kwamba ajali haina kinga, na mazungumzo huhamia kwenye mazishi.

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikihangaika na swali moja: je, mtu anaweza kulaumiwa kwa jambo ambalo hakulijua? Wenzangu darasani hutoa mifano ya madaktari na majaji. Mfano wangu ni Land Cruiser ya dizeli iliyonizidi umri. Ni ya mjomba wangu, naye huitumia kushusha watu na viazi kutoka vijiji vya juu ya Lushoto hadi Mombo.

Kwanza tuelewane kuhusu breki zenyewe, kwa sababu hoja yangu inasimama juu yake. Breki za gari kuukuu ni nadra kufa ghafla. Huwa zinadhoofika, na kila udhaifu una namna yake ya kusema na mguu wa dereva. Pedali ikiwa laini, lakini ukiipampu mara mbili tatu inapanda, huenda kuna upepo kwenye mfumo, au breki za nyuma zimelika na hazijasogezwa karibu na dramu. Pedali ikishika vizuri, kisha ikazama polepole huku mguu wako haujaongeza nguvu, na hakuna mafuta yanayovuja nje, mtuhumiwa wa kwanza ni masta silinda: mipira ya ndani imechoka na mafuta yanarudi nyuma. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari linasimama kwa shida, tazama busta.

Busta ina jaribio lake. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie hivyo hivyo, kisha washa. Ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, huenda bomba la vakyumu limepasuka, au busta yenyewe imetoboka, au pampu ya vakyumu imechoka, ile ambayo kwenye injini nyingi za dizeli za Toyota imefungwa nyuma ya alternata. Majaribio haya yote yanakwisha ndani ya dakika tano, na hayahitaji hata spana.

Nimeeleza haya kwa urefu ili tusiseme kirahisi kwamba dereva "hakujua". Siku moja nilikaa kiti cha mbele tukishuka kuelekea Mombo. Kabla ya kila kona mjomba alikanyaga mara mbili: ya kwanza fupi, ya pili nzito. Nikamuuliza, "Mjomba, mbona unakanyaga mara mbili?"

"Ndivyo ilivyo hii," akasema. "Ukishaizoea haina shida, mjomba."

Je, alijua kwamba breki ni dhaifu? Ungemuuliza kama gari ni zima, angekujibu kwa moyo mweupe kwamba ni zima. Lakini mguu wake ulikuwa umeshapima ugonjwa, ukatafuta dawa ya kuutuliza, na ukaendelea kuitoa katika kila kona bila kuushirikisha mdomo. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Ninavyoona mimi, taabu kubwa ya mazoea ni kwamba hugeuza dalili kuwa tabia. Breki iliyoharibika kwa siku moja ingemshtua. Iliyoharibika kwa miaka miwili imekuwa sehemu ya uendeshaji wake.

Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford, mwanahisabati, aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Ndani yake kuna mwenye meli aliyejua kuwa meli yake ni kuukuu. Mashaka yalimjia, akayafukuza kwa kujikumbusha kwamba imeshasafiri mara nyingi na kurudi salama. Akaamini kwa dhati kwamba ni nzima. Meli ikazama na watu wake, naye akapokea fedha za bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, kwa sababu imani yake hakuipata kwa kuchunguza, aliipata kwa kunyamazisha mashaka. Kisha anaongeza jambo zito zaidi: hata meli ingefika salama, hatia yake isingepungua. Clifford mwenyewe alikuwa amenusurika meli ilipovunjika pwani ya Sicily mwaka 1870, kwa hiyo hakuwa akiandika juu ya bahari ya vitabuni.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayotugusa. Sisi hupima breki kwa kufika. Tumefika, kwa hiyo zilikuwa nzima. Lakini fikiria mteremko ule. Kati ya Lushoto na Mombo gari hushuka karibu mita 1,000. Gari lenye uzito wa tani tatu pamoja na abiria, likishuka kimo hicho, lina nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji. Joto hilo lote lazima liende mahali. Dereva akitumia gia ndogo, injini hubeba sehemu yake. Akiteremka kwa gia kubwa, breki hubeba karibu lote. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Kwa viwango vya DOT 3, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke huingia kwenye mabomba, na mvuke hubanwa. Pedali inakwenda mpaka chini. Gari likibahatika kusimama na kupoa, mvuke hurudi kuwa majimaji, pedali inapanda, na kila mtu anaamini gari limepona. Ni kosa linalojifuta lenyewe. Anayengoja safari imfundishe, safari inaweza kumdanganya mara mia kabla ya kumwambia ukweli mara moja.

Kuna pingamizi ambalo Clifford hakulipa nafasi, nami siwezi kulikwepa. Mwenye meli yake alikuwa tajiri aliyeogopa gharama. Mjomba si tajiri. Masta silinda mpya, pedi na mafuta ni mapato ya wiki kadhaa. Na mvua zikinyesha, gari lake ndilo pekee linalofika kule juu. Likilala gereji, mama mwenye uchungu atabebwa kwa machela. Ni rahisi kwangu, mwenye kalamu na maktaba, kumhukumu mtu ambaye kusimama kwake nako kunaumiza watu.

Nalikubali pingamizi hili, lakini si lote. Umaskini unaweza kumsamehe mtu kwa kuchelewa kutengeneza. Hauwezi kumsamehe kwa kutotazama, kwa sababu kutazama hakugharimu kitu. Dakika tano za kushikilia pedali huku injini ikizimwa na kuwashwa ni bure kwa maskini na kwa tajiri. Na ukishatazama, kuna mengi ya kufanya kabla ya kupata fedha: kupunguza mzigo, kushuka kwa gia ndogo tangu juu, kutoendesha usiku, na kuwaambia abiria. Nafikiri ndiyo maana hatutazami. Tunaogopa fundi, lakini zaidi tunaogopa tutakachodaiwa na ujuzi wenyewe. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anasema watunga sheria huadhibu hata kutojua, pale mtu anapokuwa ndiye aliyesababisha kutojua kwake. Babu zetu walisema kwa ukali zaidi: mficha maradhi kifo humuumbua.

Lakini kuna kutojua kwa aina nyingine, ambako hakuna mtu mmoja aliyekuficha. Chini ya Land Cruiser nyingi za zamani, karibu na ekseli ya nyuma, kuna valvu yenye mkono wa chuma. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likilemewa, chesisi inashuka kuikaribia ekseli, mkono unasogea, na valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Likiwa tupu, valvu inabana, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari likateleza. Sasa mwenye gari anataka kubeba zaidi, na fundi wa springi anaongeza majani mawili kila upande. Chesisi inabaki juu hata wakiwemo watu kumi na watano na magunia. Mkono wa valvu usiporekebishwa, valvu inasoma kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari tupu.

Hapo nani amekosea? Fundi wa springi alifanya kazi nzuri ya springi. Utingo anajua idadi ya watu. Dereva anajua pedali. Kila mmoja ana kipande, na hatari iko kwenye maungio ambayo hakuna aliyekabidhiwa. Gari limeongezewa uwezo wa kubeba na kupunguziwa uwezo wa kusimama kwa kazi moja. Jibu langu, ambalo sina hakika nalo kama lile la kwanza, ni kwamba anayepokea nauli amepokea pia wajibu wa kuuliza maswali yanayounganisha vipande hivyo. Hawezi kujua yote, ila anaweza kumwuliza fundi: ulichobadilisha hapa kinagusa nini kwingine?

Mjomba alilaza gari siku mbili, akanunua masta silinda kwanza, na breki za nyuma zikasubiri fedha. Asubuhi ya siku ya tatu alisimama mbele ya abiria akasema, "Jamani, breki za nyuma bado hazijakaa sawa. Leo nachukua wanane tu, na tutashuka polepole." Watu kadhaa waliteremka. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa mgongoni alibaki. Tunaweza kubishana kama ridhaa ya mtu asiye na usafiri mwingine ni ridhaa, na mimi bado nabishana na nafsi yangu. Lakini yeye alikuwa na swali lake.

"Utashuka na gia gani, baba?"

"Ya pili, tangu hapa mpaka chini."

"Na zikikataa?"

Mjomba akamweleza: kona zenye ukuta wa mlima upande wa ndani, breki ya mkono, namna atakavyopunguza gia. Alieleza kwa muda mrefu, na watu wote garini walisikiliza. Kisha mama akamhamishia mtoto mapajani, akasema, "Haya, twende."